Ufa Chini ya Rangi

Katika kituo cha biashara cha Longonot, kando ya barabara itokayo Mai Mahiu kwenda Naivasha, kuagiza kifaa cha mashine nzito hakuhitaji maneno mengi. Mteja hushuka kwenye pikapu na kuelekeza kidole nyuma ya gari.

"Fundi, hii baketi inateleza tu juu ya mawe. Niwekee meno."

"Ya bamba ama ya springi?"

"Springi. Na Ijumaa nikute iko tayari."

Mchoro haupo. Mkataba haupo. Hakuna aliyeuliza baketi itabeba mzigo gani, wala ni nani watakaokuwa wamesimama karibu nayo ikiinuliwa. Fundi ana mashine ya kuchomelea, greinda, jiriwa na paa la mabati nyuma ya nyumba yake. Mteja ana trakta kuukuu ya kupakia kifusi na kandarasi isiyosubiri. Upau wenye meno wa kufungwa mdomoni mwa baketi ukiagizwa ng'ambo utakula faida ya kazi nzima. Basi chuma hutafutwa papo hapo, kwenye springi ya lori lililokwisha kazi.

Springi ya lori haitaki haraka. Ina kaboni kiasi cha asilimia 0.6, karibu mara tatu ya chuma laini cha mageti na madirisha, na kaboni hiyo ndiyo inayolipa jino ukali wa kupasua mwamba bila kupinda. Ndiyo hiyo hiyo inayoleta taabu wakati wa kuchomelea. Cheche ikishika, ukanda mwembamba kando ya kiungo huiva kwa joto kali, kisha hupoa ghafla kwa kunyonywa na chuma baridi kinachouzunguka, ukawa mgumu kupita kiasi na mwepesi kuvunjika. Fundi anayelijua hilo huipasha springi kwanza, nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi, mpaka tone la maji likiangukia juu yake linarukaruka badala ya kutulia. Huchomelea kwa rodi za aina ya 7018 zilizokaushwa. Akimaliza, hukifukia kiungo kizima ndani ya majivu makavu kipoe polepole hadi asubuhi. Majivu hayakosekani hapa: ardhi yenyewe kuzunguka mlima ni majivu na mawe mepesi yaliyotapikwa na volkano hiyo yenye kimo cha mita 2,776.

Fundi mwenye haraka hufanya vingine. Huchukua rodi za kawaida za 6013, zile zinazouzwa kwa kuhesabiwa kutoka kwenye pakiti iliyofunguliwa wiki kadhaa zilizopita, akachomelea chuma kikiwa baridi, akamwagia maji ili kishikike, akapaka rangi ya manjano. Kwa macho, kazi hizo mbili ni mapacha. Pengine ya pili hata inang'aa zaidi.

Hapo ndipo elimu ya vyuma inapogusana na elimu ya dhamiri. Unyevu ulio kwenye gamba la rodi huvunjwa na moto wa umeme ukatoa haidrojeni. Haidrojeni hiyo huzama ndani ya chuma kilichoyeyuka, hunaswa kinapoganda, kisha husafiri taratibu kuelekea kwenye ule ukanda mgumu na kuupasua kwa ndani. Haifanyi hivyo mbele ya fundi. Ufa wa namna hii huweza kujitokeza saa nyingi baada ya kazi kukamilika, na ndiyo sababu kanuni za wahandisi kwa baadhi ya vyuma vigumu huagiza kiungo kingojewe saa 48 kabla ya kukaguliwa. Kwa maneno mengine, fundi anaweza kukabidhi kazi nzima, akapokea pesa zake, akala chakula cha jioni na watoto wake, na ufa ukazaliwa usiku huo kwenye boma la mtu mwingine.

Siku jino litakapokatika na kuruka kwenye machimbo, likampata kibarua aliyekuwa akichambua mawe, damu yake itakuwa juu ya nani?

Swali hili ni la kale kuliko mashine. Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, inaeleza mtu aliyekwenda msituni na jirani yake kukata kuni. Akiwa anapiga shoka, chuma kikatoka mpinini, kikampiga jirani, akafa. Hakukusudia. Hakuwa na uadui naye. Torati inampa pa kukimbilia, mmojawapo wa miji iliyotengwa ili mwenye kulipiza kisasi cha damu asimfikie akiwa na hasira moyoni. Karne nyingi baadaye marabi walioikusanya Mishna walirudi kwenye shoka hilo hilo na kubishana. Ikiwa ni chuma chenyewe kilichochomoka, Rabi Yehuda Hanasi alisema mpigaji haendi uhamishoni. Wenzake walio wengi wakasema anakwenda. Ikiwa ni kipande cha mti kilichoruka, pande hizo mbili zikabadilishana hukumu. Ni ubishi wa kina, wa watu waliolifikiria shoka kwa uzito.

Lakini angalia nani hayumo. Anatajwa aliyelishika shoka, jirani aliyekufa, mwenye kisasi, wazee wa mji. Aliyekitia chuma kile mpini hatajwi. Hakuna anayeuliza kama mpini ulikuwa mkavu, kama kabari ilipigiliwa, kama mhunzi aliharakishwa na mteja aliyetaka shoka lake Ijumaa.

Wenyeji wa tambarare zinazouzunguka Longonot walilijibu swali hilo kwa njia iliyo kinyume kabisa. Kwa Wamaasai, wahunzi, yaani Ilkunono, walikuwa ukoo wa kando. Walifua mikuki na sime ambazo jamii nzima iliishi kwazo, ila hawakuoana na wengine. Moritz Merker, afisa wa Kijerumani aliyeandika juu ya Wamaasai mwaka 1904, alielezwa sababu yake: Mungu alikataza kumwaga damu, na mhunzi ndiye anayetengeneza kitu kinachowatia watu tamaa ya kuimwaga. A. C. Hollis, aliyechapisha kitabu chake mwaka uliofuata, aliandika kwamba Mmaasai akipokea chombo kutoka kwa mhunzi alijipaka mafuta mikononi kwanza. Mafuta hayo yalikuwa mpaka. Chombo kinakubaliwa, uchafu wake unabaki kwa aliyekifua.

Kuna ukweli mzito katika imani hiyo, na kuna uonevu vilevile. Ukweli ni kwamba Wamaasai hawakujifanya kwamba mkuki umejitengeneza wenyewe. Walijua kuna mkono nyuma ya kila makali, na mkono huo una sehemu yake katika yatakayotokea. Uonevu ni kwamba mhunzi alibeba lawama ya damu yote, hata ile iliyomwagwa na moran, yaani kijana wa vita, kwa kiburi chake mwenyewe, huku moran akitembea kifua mbele. Kumtwika mtu mmoja dhambi ya chombo na ya mtumiaji kwa pamoja ni njia rahisi ya watumiaji kulala usingizi.

Upande wa juu wa bonde, kwa Wakikuyu, hali ilikuwa tofauti. Wahunzi wao walikusanya mchanga wenye chuma mitoni, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto, na waliheshimiwa kwa woga. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya maisha ya Wakikuyu, anataja jinsi laana ya mhunzi ilivyoogopwa. Huku mhunzi hakunyanyapaliwa. Alikuwa na neno linaloweza kuua. Mai Mahiu ya leo, ambako Wakikuyu na Wamaasai hununua nyama kwenye bucha moja, imerithi pande zote mbili bila kujua. Fundi anaitwa "fundi" kwa heshima kazi ikiwa sawa, na anaitwa tapeli geti likianguka.

Uingereza, nchi iliyolipa tingatinga la manjano jina la JCB hadi Wakenya wakaliita hivyo hata likiwa la kampuni nyingine, ililazimika kulijibu swali la shoka upya mwanzoni mwa karne hii. Waendeshaji wa mashine za kuchimbia walitaka kubadilisha baketi bila kushuka na kugonga pini kwa nyundo. Vikabuniwa vishikizo vya kubadilishia haraka. Baadhi yake vilishika baketi vyenyewe, lakini vilimtaka mwendeshaji ashuke aingize pini ya usalama kwa mkono. Baketi ikionekana imeshika, wengine hawakushuka. Baketi zikachomoka na watu waliokuwa mtaroni chini yake wakafa.

Hukumu ya kwanza iliyokuja akilini mwa wengi ni ile ya Torati: kosa ni la mwenye mashine, kwa nini hakuingiza pini? Hata hivyo, vifo viliporudiarudia, mamlaka ya usalama kazini na watengenezaji waligeuza macho kwa aliyekibuni kifaa. Kifaa kinachoonekana salama kikiwa si salama, na kinachotegemea mtu aliyechoka akumbuke jambo moja kila mara, ni kifaa chenye kasoro hata kama kila kiungo chake ni imara. Mwaka 2008 vishikizo vipya vya aina hiyo vikaacha kuuzwa nchini humo. Aliyetia mpini hatimaye aliitwa mbele ya wazee wa mji.

Mlango huo ulikuwa umefunguliwa na konokono. Mwaka 1928, mjini Paisley huko Uskoti, mwanamke aitwaye May Donoghue alikunywa soda ya tangawizi kutoka kwenye chupa ya kioo cheusi, na akadai kwamba ilipomiminwa mara ya pili alitoka konokono aliyeoza. Hakuinunua yeye, rafiki yake ndiye aliyeilipia. Kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Tarehe 26 Mei 1932 majaji wa juu wa Uingereza waliamua, kwa kura tatu dhidi ya mbili, kwamba mtengenezaji anaweza kuwajibika hata kwa mtu asiyemjua. Lord Atkin aliijenga hoja yake juu ya swali ambalo mwanasheria alimuuliza Yesu katika Injili ya Luka, la jirani ni nani. Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba jirani ni yule ambaye kitendo changu kinamgusa kwa karibu kiasi kwamba ilinipasa kumkumbuka nilipokuwa nikikitenda. (Huyo konokono, kwa taarifa ya wapenda visa, hakuwahi kuthibitishwa mahakamani, kesi iliishia kwa maelewano.)

Kenya ilirithi msingi huo pamoja na sheria nyingine za Kiingereza. Na ukiutazama kwa makini, kiini chake ni kile kioo cheusi. Laiti chupa ingekuwa angavu, mnywaji angejionea. Kasoro iliyofichika humnyang'anya mtumiaji nafasi ya kujilinda, na nafasi hiyo ikiisha kunyang'anywa, jukumu lote la kutazama hurudi kwa mtu pekee aliyeweza kuona. Rangi ya manjano juu ya kiungo cha springi ni kioo cheusi cha Longonot.

Fundi ana utetezi wake, na haufai kupuuzwa. Atasema bei ilikatwa na mteja. Atasema siku zilikatwa na mteja. Atasema springi ilikuja na mteja, na hakuna ajuaye imebeba mawe kwa miaka mingapi. Atasema baketi ya trakta ilitengenezwa kupakia mchanga, na mwendeshaji akaitumia kung'oa mwamba. Yote hayo huwa kweli mara nyingi. Kuna na la tano, lenye uchungu zaidi: hajawahi kuambiwa habari za haidrojeni. Alijifunza kwa kushika kioo cheusi cha kuchomelea nyuma ya fundi mwingine, ambaye naye alijifunza hivyo hivyo. Kwa hesabu za Shirika la Takwimu la Kenya, zaidi ya asilimia 80 ya kazi nje ya ukulima mdogo ziko katika sekta isiyo rasmi. Tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 iitazame Kenya na kusema kwamba kazi hizi ni uchumi wa kweli na si uchafu wa kufagiliwa, wanasiasa wamewasifu mafundi wa jua kali kila kampeni. Sifa hizo hazijawahi kukausha rodi hata moja.

Je, kutojua kunamwosha? Mafaqihi wa Kiislamu walikutana na swali linalokaribiana na hilo. Kwa asili, mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake ni mwenye amana, na mwenye amana halipi kilichoharibika pasipo uzembe wake. Kwa kanuni hiyo mshonaji au mtia rangi angeapa tu kwamba nguo imepotea, mambo yakaisha. Lakini imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib aliwatoza mafundi fidia, akiona watu hawatatengemaa bila hilo, na wanazuoni wengi wakaifuata njia hiyo kwa mafundi wanaohudumia umma. Suala lao lilikuwa nguo na dhahabu, si damu. Kuhusu mwili, wana hadithi iliyo karibu zaidi: anayejifanya tabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, anawajibika kwa madhara. Hakuulizwa kama alikusudia mema. Aliulizwa kwa nini alikubali kazi asiyoijua.

Na katika sura ya Sabaa, Daud anapolainishiwa chuma, anaagizwa apime sawasawa viungo vya deraya anazofua. Inashangaza kwamba ufunuo unashuka hadi kwenye kipimo cha pete moja ya chuma. Mfalme na nabii, na bado anakumbushwa vipimo. Atakayeivaa deraya hiyo atakuwa vitani, mbali, na pete moja iliyolegea ndipo mkuki utakapopitia.

Kwa hiyo jibu linalosimama ni hili, angalau kwa kadiri ya ushahidi uliopo. Mhunzi wa Kimaasai alilaumiwa kwa yote, mhunzi wa Torati hakuulizwa lolote, na wote wawili hawakutendewa haki kwa sababu hakuna aliyepima kilichokuwa mikononi mwao. Fundi wa Longonot hadaiwi mwamba ambao mteja aliamua kuung'oa. Anadaiwa ukanda ule wa milimita chache kando ya kiungo, ambao hakuna mwingine duniani aliyekuwa na uwezo wa kuutunza. Asipojua jinsi ya kuutunza, anadaiwa kusema, "Hii springi siiwezi, mpelekee fulani Naivasha." Neno hilo ni gumu kwa mtu ambaye karo ya shule inamngoja, na jamii inayomnyima mafunzo haina haki ya kumlaumu peke yake. Ila kulisema kunawezekana, na kuna mafundi wanaolisema.

Ugumu unazidi wadaiwa wanapokuwa wengi. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani yalipasuka na kuteremka Mai Mahiu, yakafagia kijiji cha Kamuchiri na kuua watu wasiopungua 45. Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya maji chini ya tuta ilikuwa imezibwa na magogo, mawe na udongo. Tuta lilijengwa na watu wa zama nyingine. Mvua haikuwa ya mtu. Kuzibua kulikuwa kazi ya yeyote, na kwa hiyo haikuwa ya mtu yeyote. Hapakuwa na mkono mmoja wa kupakwa mafuta wala mji wa kukimbilia. Mashine za kuchimbia zililetwa kutafuta waliofukiwa, na waliosimama kando wakitazama baketi ikiingia matopeni kwa uangalifu hawakuwa na haja ya kuelezwa kwamba chombo kile kile huzika na huokoa.

Hata chuma chenyewe huja na madai yake. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuanguka na sehemu kubwa ya nchi kuzama gizani, huku waharibifu wakishukiwa. Miezi michache baadaye biashara ikafunguliwa kwa masharti. Fundi anayenunua pembe za chuma kwa kilo bila kuuliza zilitoka wapi yumo ndani ya swali hilo kabla hajawasha mashine.

Yoshua bin Sira, ambaye kitabu chake kimo katika Biblia za Wakatoliki, alimwona mhunzi karibu na fuawe lake, ngozi ikikaushwa na mvuke wa moto, akikesha ili kazi itimie. Alikiri kwamba watu kama huyu hawaitwi kwenye baraza la mji, lakini mji haukaliki bila wao, na akasema sala yao imo ndani ya kazi ya ufundi wao. Ni sifa nzuri, na ina hatari moja: inaweza kumfanya fundi mbaya ajihisi mtakatifu. Sala inayozungumziwa pale ni ya mtu anayekesha, na kukesha kwa maana hasa ya neno ndiko kunakotakiwa na kiungo kilichofukiwa majivuni.

Kuna desturi moja ya mafundi wa Kenya ambayo wenye elimu huidharau kama matangazo ya bure. Kwenye mageti, matrela ya ng'ombe na matangi ya maji, fundi huandika nambari yake ya simu, kwa rangi au kwa ncha ya rodi yenyewe ili isifutike. Anatafuta wateja, bila shaka. Lakini upau wenye nambari ukipasuka kwenye machimbo, mwendeshaji anajua wa kumpigia, na mwenye nambari anajua kwamba atapigiwa. Mteja wa Longonot anayetaka meno ya springi anaweza kuanza na masharti mawili yasiyogharimu kitu: nambari iandikwe, na kifaa kisichukuliwe wala kupakwa rangi kabla ya siku mbili kupita. Fundi akikubali la kwanza na kukataa la pili, heri mteja atafute karakana nyingine.